Kibuyu Kilichonuka Sabuni

Mkaa wa mursik ni mweusi, na kwenye weusi huoni kitu. Hapo ndipo shida yangu ilipopata makao. Kwetu Belgut, maziwa ya mursik hugandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijiti cha mti wa senetwet, kijiti kilichochomwa hadi kikawa mkaa. Yakiwa tayari hutoka na vidoa vya kijivu, na wageni huvisifu. Mimi nilivitazama nikijiuliza kipi ni mkaa na kipi ni sumu.

Sumu yenyewe ilikuwa dawa ya kupe. Mume wangu huwanyunyizia ng'ombe kila Jumamosi, na chupa hukaa stoo, juu kabisa, mbali na jikoni. Sijawahi kuishika. Lakini kichwa changu kiliniuliza, una uhakika? Na mimi, mtu mzima niliyemaliza kidato cha nne, nikanusa vidole vyangu.

Binti yetu alikuwa na miaka minne. Niliogopa kwamba mkono wangu ungemuua, na sina maneno laini ya kulisema hilo.

Basi nikaosha mikono. Nikaiosha hadi ngozi ikapasuka, na majirani wakadhani ni utomvu wa chai umenichoma. Wakati wa kuchuma, nilikuwa naacha kikapu katikati ya mstari, nakimbia nyumbani kuangalia kama kifuniko cha ile chupa bado kimekaza. Narudi, nachuma kidogo, nakimbia tena. Jirani mmoja akanivuta kando na kunishauri kwa huruma nipunguze maharagwe. Nilimshukuru. Afadhali kusingiziwa tumbo kuliko kusema ukweli.

Mtoto hakunywa maziwa kabla sijayaonja. Nikionja, nilihesabu moyoni hadi mia, nikingoja nianguke. Mbwa akibweka nikapotelewa na hesabu, nilianza upya, na wakati mwingine midomo ilihesabu kwa sauti bila mimi kujua. Mtoto alikaa kwenye kigoda chake, kikombe mapajani, akinitazama tu.

Kisha mama mkwe wangu akaenda Bomet kwenye matanga ya dada yake. Siku nne. Aliniachia kibuyu kimejaa, kibuyu alichopewa na mama yake alipoolewa, akasema akiwa mlangoni, "Huyu mtoto asikose maziwa yake."

Siku ya kwanza nilionja, nikahesabu hadi mia, na hofu haikuondoka. Nikahesabu tena. Nikaona kidoa kimoja ambacho hakikukaa kama mkaa. Nikabeba kibuyu hadi kwenye michai nyuma ya nyumba, nikamwaga maziwa yote chini, halafu nikafanya jambo ambalo hata msichana mdogo wa kwetu hathubutu kulifanya. Niliosha kile kibuyu, ambacho kwetu hakiguswi na sabuni, kwa maji moto na sabuni ya unga. Nilisugua hadi maji yakatoka meupe. Weusi wote wa miaka yote ulikwenda na maji, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Nafuu hiyo haikufika hata saa moja, maana sasa niliogopa sabuni. Nilijaza maziwa mapya ili kibuyu kisikutwe kitupu, na mtoto akashinda siku nne kwa strungi, chai isiyo na maziwa, na ugali. Aliomba maziwa. Nilimwambia ng'ombe amechoka.

Mama mkwe aliporudi alimimina kidogo kwenye kikombe, akanusa, akakiweka chini.

"Hii maziwa inanuka sabuni," alisema. Akachungulia ndani ya kibuyu chake. "Nani ameosha sotet na sabuni?"

Nilikuwa nimejiandaa kudanganya. Nilijua nikisema ukweli atamhamisha mtoto alale kwake, na mimi nitapelekwa kuombewa mbele ya kanisa zima. Lakini alikishika kile kibuyu kwa namna ambayo uongo ulinishinda.

"Ni mimi, Mama. Naogopa nitaua mtoto."

Akanishika mikono, akaigeuza, akatazama nyufa.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ya mwaka jana."

"Na unakaa nayo pekee yako?" Alichukua siagi, akanipaka kidole kwa kidole. "Hii ni ugonjwa. Kesho tunaenda hospitali."

Daktari wa Kericho alinipa jina refu la ugonjwa huo, na kazi ya kufanya. Ninawe mikono mara moja tu. Nimpe mtoto maziwa bila kuonja, bila kuhesabu, bila kumuuliza mtu kama ni salama. Akamgeukia mama mkwe akamwambia nikiuliza, asinijibu.

"Nisimjibu? Na huyu ni mtoto wangu?" Alikasirika njia nzima.

Alinitafutia kibuyu kipya. Mimi ndiye niliyechoma kijiti, mimi ndiye niliyesugua, mimi ndiye niliyekamua. Siku ya kukifungua, mvua ya mchana ilikuwa imeanza na tulikuwa watatu jikoni. Nilinawa mara moja. Nikamimina. Vidoa vikaja juu, vingi. Nilimpa mtoto kikombe.

"Mama," nilianza, "hii iko..."

Mama mkwe aliinama akapuliza moto, na moto ulikuwa unawaka vizuri kabisa.

Nikamtazama mtoto. Hakuwa amekunywa. Alikuwa amekishika kikombe mapajani, midomo ikicheza. "Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na nne..." Akakwama, akakunja uso, akaanza tena. "Moja, mbili."

"Unafanya nini?"

"Nahesabu," alisema. "Si maziwa huhesabiwa kwanza?"

Nimeogopa mambo mengi, lakini hofu ya hapo sijaiona tena. Ile chupa ya stoo nilikuwa nimeichunga mwaka mzima, midomo yangu sikuichunga.

"Kunywa," nilimwambia.

"Bila kuhesabu?"

"Bila kuhesabu."

Akanywa yote, akabaki na masharubu ya kijivu, akatoka kwenda kutazama mvua mlangoni. Mama mkwe bado alikuwa na moto wake. Mimi nilisimama palepale, macho kwa mtoto, na nilikuwa nimefika tisini na mbili ndipo nikajigundua.