Firigisi ya Mwenye Nyumba

Mume wangu alizaliwa siku aliyoajiriwa. Alipofika Katanga kutoka Kasai, kijana mwembamba aliyeletwa kwa gari la moshi kufanya kazi ya shaba, karani wa kampuni alimuuliza tarehe ya kuzaliwa. Akajibu kwamba mama yake alimwambia ilikuwa wakati wa kuvuna mahindi. Karatasi haikuwa na nafasi ya mahindi. Karani akatazama kalenda ukutani, akanakili tarehe ya siku ile ile, akagonga muhuri, na mume wangu akatoka pale akiwa na kazi na siku ya kuzaliwa.

Basi aliishika tarehe hiyo kuliko watu waliozaliwa hospitalini. Kila mwaka nilimpikia kuku siku hiyo hiyo, hata ikiangukia Jumanne na mvua inamwagika. Mwaka mmoja nilimwomba tusogeze mbele mpaka mshahara utoke. Alinitazama kama nimemwambia tulisogeze kanisa. Imeandikwa, akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ndiyo maana ningepaswa kuelewa mapema. Nasema ningepaswa, lakini nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hapigi hesabu.

Mwaka ule hakuna aliyekuwa akisherehekea kitu. Kampuni ilikuwa inaanguka. Mabomba ya Dilala, mtaa wetu hapa Kolwezi, yalikauka, duka la wafanyakazi lilibaki rafu na mwenye kulifagia. Halafu wakatokea wakubwa wakasema shida yote imeletwa na Wakasai, warudi kwao. Vijana wakaanza kupita mitaani na chaki, wakiweka alama kwenye milango. Familia nzima nzima zilihamia kituo cha gari la moshi na magodoro na sufuria zao, zikisubiri behewa. Mimi ni mtu wa kaskazini mwa Katanga, kwa hiyo waliniita mwenyeji. Mume wangu waliamua kumwita mgeni. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja zaidi ya miaka thelathini, mgeni na mwenyeji.

Katika hali hiyo dereva mmoja wa lori akaniletea barua ya mwanangu, aliyekuwa akifanya kazi Likasi. Aliandika kwamba yeye na dada yake wangekuja wikendi hiyo kumsherehekea baba yao. Nilisoma mara mbili. Siku ya baba yao ilikuwa bado siku kumi na moja.

Walifika Ijumaa mchana. Kijana wangu alibeba sanduku la bati la rangi ya buluu, jipya. Binti yangu, aliyekuwa akiuza vitambaa Fungurume, alikuja na jogoo mkubwa amefungwa miguu.

"Siku ya tata yenu haiyafika," niliwaambia kabla hawajakaa. "Munakuya kukula fete ya nani?"

"Mama, kazi haitaniachilia tena," kijana akasema. "Ni hii wikendi tu."

Nikamgeukia mume wangu, nikingoja awape somo la imeandikwa. Alikuwa akitazama mlango.

"Haizuru, mama," akasema. "Batoto bamefika. Tutakula."

Nilidhani uzee umemlainisha. Nikauliza sanduku ni la nini. Kijana akasema ni zawadi ya tata.

"Mutu wa miaka makumi sita unamupatia sanduku? Anaenda masomo?"

Wakacheka, wote watatu, wakacheka kupita kiasi cha utani wenyewe. Nami nikajiona mchekeshaji mkubwa, nikaendelea. Nikasema anunuliwe na kalamu. Nikasema nitamfungia chakula cha njiani. Jioni ile binti yangu alifua mashati yote ya baba yake na kuyapiga pasi, pamoja na koti la baridi ambalo alikuwa halivai tena. Nikasema moyoni, kumbe Fungurume imemfundisha kazi.

Jumamosi tukala. Hapa lazima nieleze jambo la firigisi, kile kinyama kigumu cha ndani ya kuku. Kwa ukoo wa mume wangu firigisi ni ya mwenye nyumba, na hakuna mzaha. Mke haonji. Mume akisafiri, mke huibanika na kumtunzia. Mwanamke akiila, ni kama kusema nyumba hii haina mwanamume. Mama mkwe wangu alinifundisha hayo kabla hajanifundisha jina lake.

Nilimpakulia mume wangu bukari, ugali wetu, nikamwekea firigisi juu, katikati, kama kila mwaka. Aliiangalia kidogo. Halafu akaichukua kwa vidole vyake akaiweka kwenye sahani yangu.

"Leo kula weye, mama."

"Meno yako imechoka?"

"Kula."

Nikaila. Ilikuwa tamu, sitadanganya, na niliona aibu tamu kama ya msichana anayechumbiwa. Binti yangu akainuka ghafla akaenda jikoni. Nikamwambia kaka yake kwamba pilipili yangu bado ina nguvu.

Jumapili nilikwenda misa peke yangu. Walisema wamechoka. Mlangoni mwa kanisa, tulipokuwa tukitoka, mama mmoja wa kwaya yetu alinishika mikono yote miwili. Bwana wake naye alikuwa wa Kasai.

"Pole, mama," akasema. "Bwana yangu naye anapanda kesho. Tutabakia bajane ba bantu bazima."

"Anapanda wapi?"

Akaniangalia, kisha akaniachia mikono.

"Kumbe habakukwambia."

Njiani sikulia. Nilikuwa nikipanga vitu: barua, tarehe, sanduku, mashati, koti. Kila kimoja kilipata mahali pake. Nilipofika nyumbani niliwakuta mezani wakila mabaki ya jana. Sikuvua hata viatu.

"Nani anasafiri kesho?"

Kijana akaweka tonge chini. Mume wangu ndiye aliyejibu, na ninamshukuru kwa hilo tu. Alisema vijana wa chaki walikuwa wameupa mtaa wetu muda wa mwisho. Akisubiri watamtoa kwa fimbo. Tukiondoka wote wawili, nyumba itaingiwa siku hiyo hiyo. Lakini nikibaki mimi, mwenyeji, haitaguswa. Tena watoto walikuwa salama tayari: kaka yangu mwenyewe, aliyekuwa karani wa serikali, alikuwa amewaandikia vyeti vipya vya kuzaliwa vinavyosema wao ni watoto wake.

"Na weye ulikubali?" nikamuuliza. "Bakufute?"

"Nilikubali."

Watu wanne, basi. Mume wangu, wanangu wawili na ndugu yangu wa tumbo moja walikaa mahali fulani wakaigawa familia yangu, na mimi sikuitwa. Hata sanduku lilijua kabla yangu.

"Nitaenda na weye."

"Apana. Ukienda, bataingia mu nyumba mbele treni haiyatoka. Batoto batarudia wapi?"

"Mi sasa ni kufuli ya mulango."

"Weye ni mwenye nyumba," akasema. "Nilikupatia jana."

Ndipo nilipoielewa ile firigisi. Nilitamani kuitapika pale pale juu ya meza. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nilikasirika vile wakati mtu alikuwa akijaribu kutuokoa, na jibu langu ni lile lile. Ile safari ningeisamehe. Walikuwa wanasafiri wengi, na kwa kulazimishwa. Lakini waliniacha nicheke. Waliniacha nitanie sanduku la mume wangu, na kila mmoja akacheka akijua.

Jumatatu asubuhi nilikuwa jikoni nikichambua maharagwe. Alikuja akasimama mlangoni amevaa koti la baridi. Sanduku lilikuwa nje na kijana.

"Mama, mi nakwenda."

Nikaendelea kuchambua.

"Mama."

Sikuinua kichwa. Nikamwambia binti yangu, kwa sauti ya kutosha, "Ambia mugeni safari njema."

Neno hilo lilikuwa la vijana wa chaki, na nililichagua. Alikuwa mrefu, mlango ule wa jikoni ulimlazimu kuinama kila mara. Niliona kivuli chake kikiinama, kisha mwanga ukarudi juu ya maharagwe.

Kijana akarudi Likasi kazini. Binti yangu alibaki, akisema barabara ya Fungurume si nzuri. Kila siku adhuhuri alipakia chakula kwenye sufuria ndogo, akaifunga kwa kitambaa, akaenda nayo. Nilipomuuliza alisema anawapelekea wagonjwa wa parokia. Nikamwambia akiendelea hivyo watawa watamchukua. Nilikuwa bado na hasira naye, lakini ilinifurahisha kidogo kwamba ameanza kutubu.

Siku ya kumi na moja tangu barua ile, tarehe yake, niliamka nikijua ni siku gani. Nilimwona mume wangu akilini akiwa Mwene-Ditu, kwao Kasai, amekaa na dada zake, mtu amempikia. Nilijiambia sitapika. Ilipofika saa nne nilikuwa nimeshachinja kuku mmoja aliyebaki. Mikono ilikwenda yenyewe.

Binti yangu akaja na sufuria yake. Nikamtilia paja na mchuzi. Hakuondoka.

"Mama, tia na firigisi."

"Tangu lini bagonjwa banakula firigisi?"

"Iko mumoja anaitamani."

"Ile ni ya mwenye nyumba."

"Mama, nakulomba."

Alisema hivyo macho yamejaa maji. Nikaona anamlilia baba yake, na hilo likanichoma zaidi, kwa sababu alikuwa ndiye aliyemfungashia mashati. Nikamwambia aende kabla chakula hakijapoa. Alisimama kidogo tena, kisha akaenda.

Geti lilipofungwa nikaketi kwenye kiti cha mume wangu, nikaichukua firigisi, nikaila. Sikuila kwa njaa. Niliitafuna polepole, kila upande wa mdomo, nikisema moyoni: si mlisema mwenye nyumba ni mimi? Si mlikaa mkapanga? Basi haina mwanamume nyumba hii. Niliona raha, na ninaikumbuka raha hiyo vizuri.

Habari ilitufikia baada ya miezi. Alifika kwao mgonjwa, njia ilikuwa ndefu, mabehewa yalijaa watu mpaka juu. Dada zake walimwuguza, akafa, wakamzika. Tukatandika mikeka hapa Dilala, hatuna maiti ya kulilia. Kaka yangu alikuja, nikamwambia aketi nje.

Siku ya tatu ya msiba binti yangu alisogea karibu nami mkekani, akaanza kusema bila kunitazama. Jumatatu ile hakukuwa na gari la moshi. Wala Jumanne. Wala juma lililofuata. Baba yake alikaa kituoni, hapa hapa Kolwezi, karibu majuma matatu, chini ya turubai, sanduku la buluu likiwa mto wake. Kutoka jikoni kwangu ningefika pale kwa miguu kabla maharagwe hayajaiva.

"Bagonjwa ba parokia," nikasema.

"Alikuwa yeye, mama."

Nikamuuliza kwa nini. Sikupaza sauti. Akasema baba yake ndiye aliyewakataza, yeye na kaka yake. Aliwaambia: mama yenu akiniona hapa, atabakia hapa. Alinijua. Ningekwenda na godoro, na nyumba wangeichukua, na leo nisingekuwa na ukuta wa kuegemea ninapoandika haya. Yote hayo ni kweli. Na bado walinidanganya mara mbili, mara ya kwanza kwa kicheko, mara ya pili kwa sufuria. Nawapenda na sijawasamehe. Yeye pia simsamehe, marehemu, na kila usiku namwombea.

Kisha binti yangu akanisimulia ile siku ya kumi na moja. Baba yake alikuwa akijua tarehe, hata pale kwenye vumbi. Alikuwa amenyoa ndevu kwa maji ya kuomba. Alimwambia binti yake asubuhi ile, mama yako atapika leo, hata kama amekasirika. Alipoletewa sufuria aliifungua, akakoroga mchuzi kwa kijiko, akatafuta chini, akatafuta tena.

"Akasema, haiko," binti yangu akaniambia. "Mi nikaanza kulia. Yeye akacheka, mama. Akasema, usilie. Ni kusema mama yako bado ananiwekea."

Nadhani niliomba maji.

Sasa mimi ni bibi kizee, nyumba bado ni yetu, na wanangu huja kila mwaka kumkumbuka baba yao. Siku hizi huja kwa tarehe yenyewe, hata ikiwa Jumanne, kwa sababu niliwaambia wakija wikendi tu sitafungua geti. Binti yangu ndiye anayepika. Firigisi huiweka kwenye sahani mbele ya picha ya baba yake, halafu huwasimulia wajukuu wangu jinsi babu yao alivyotafuta ndani ya sufuria kule kituoni asiipate, kwa kuwa bibi yao, pamoja na hasira zake zote, alikuwa amemtunzia nyumbani. Watoto hunigeukia wakinitazama kwa heshima. Mimi nawagawia bukari, na mpaka leo sijamwambia binti yangu kwamba niliila.