Baiskeli ya Baba na Kilima cha Mutuini

Baiskeli ya kisasa inaishinda ya chuma ya zamani. Nalisema mapema ili asije mtu akasoma hadi mwisho akitarajia nitageuza maneno. Inapanda mlima vizuri zaidi, inashika breki hata mvua ikinyesha, na ukifika mwisho wa safari mgongo wako bado ni wako. Nimeziendesha zote mbili kwenye Barabara ya Ngong, na mimi si mtu wa kusema jambo kwa kubahatisha.

Aliyekataa kunikubalia ni mtu mmoja tu, naye ni baba yangu.

Baba ni fundi wa nguo. Ana kibanda cha kushonea karibu na Adams Arcade, na tangu nianze kukumbuka mambo amekuwa akienda na kurudi kwa baiskeli ya mashindano aliyoinunua akiwa kijana, muda mfupi baada ya kuhamia Nairobi kutoka Kakamega. Ni ya buluu, pale ambapo rangi imebaki. Gia zake ni chache, na ukitaka kuzibadilisha inakubidi uinamishe mkono hadi kwenye vijiti viwili vilivyo kwenye fremu, karibu na magoti. Kwangu mimi kilikuwa chuma kizito chenye magurudumu. Lakini ukipenda chongo utaita kengeza, na baba aliipenda.

Mimi ni karani katika ofisi moja katikati ya jiji, na ninaishi Mutuini, kwenye chumba kilicho nyuma ya nyumba ya wazazi wangu. Nilipochoka na foleni za magari nilinunua baiskeli ya mtumba, fremu ya kaboni, gia tele. Siku niliyoileta nyumbani baba aliinyanyua kwa vidole viwili, akaitazama, akairudisha chini.

"Kitu nyepesi hivi itabeba mtu ama itabeba upepo?"

"Itanibeba mimi, baba."

"Mama, baiskeli ni miguu. Hiyo yako inakudanganya tu. Ya kale ni dhahabu."

Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na nadhani pia nimerithi ubishi wake. Kwa miaka miwili tulibishana kila Jumapili tukitoka kanisani. Mimi nikisifu gia, yeye akisifu miguu, na chai ikipoa. Mama yangu alikuwa akitupita na birika akisema kwamba heri sisi wawili tufunge ndoa na hizo baiskeli, yeye apate kupumzika.

Kisha Jumapili moja baba aliweka kikombe chini akasema kwamba mwisho wa mwezi anafunga kibanda. Macho, alisema, hayaoni tena uzi. Mama alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Nimeona wazee wakiacha kazi," aliniambia. "Wanakaa kwa mlango wakiangalia barabara, wanaisha kama sabuni kwa maji. Huyu akikaa kwa hicho kiti mwaka mmoja, tutamzika."

Niliogopa, kwa sababu mama si mtu wa kutia chumvi. Lakini habari ya macho haikuniingia akilini. Jioni ileile nilimwona baba akimtungia mama sindano kwenye mwanga hafifu wa sebuleni, na uzi uliingia mara ya kwanza.

Siku moja wiki hiyo nilitoka kazini mapema. Nilikuwa nimekaribia nyumbani nilipomwona baba mbele yangu, akishuka kuelekea darajani, pale chini ya kilima cha mwisho kabla ya Mutuini. Nilipunguza mwendo nimshtukize. Lakini alipofika kwenye kibanda cha mboga alishuka, akanunua sukuma wiki, akautundika mfuko kwenye usukani, akaanza kuisukuma baiskeli kwa miguu kupanda kilima.

Nyuma ya nyumba yetu tuna sukuma wiki nyingi kuliko tunazoweza kula. Mama amelalamika muda mrefu kwamba mzee analeta mboga kwenye shamba la mboga, nami nilikuwa nikicheka naye. Nilimngoja baba apotelee kwenye kona, kisha nikamuuliza mama wa kibandani.

"Mzee wa baiskeli?" alisema. "Huyo hushuka hapa kila jioni. Siku sina sukuma hununua hata kiberiti. Sijawahi kumwona akipanda hii mlima juu ya baiskeli, na niko hapa mwaka wa nne."

Nilisimama pale nikijikasirikia mpaka masikio yakapata moto. Mwanamume aliyebeba mboga haulizwi kwa nini anatembea. Miaka miwili nilikuwa nimejigamba mezani jinsi ninavyokimeza kile kilima, na yeye amekaa mbele yangu akitetea miguu. Hakuwa anafunga kibanda kwa ajili ya macho. Kilima kilikuwa kimemshinda, na siku ambayo hata kukitembea kungemshinda aliiona inakuja. Kumwambia apande matatu kungekuwa kumtangazia kwamba nimejua.

Kwa hiyo nilitumia kitu pekee ambacho baba hawezi kukikataa, yaani ubishi. Jumamosi nilimfuata kibandani wakati wa kufunga.

"Baba, wewe husema ni miguu. Basi leo tubadilishane. Panda yangu, mimi nipande yako. Kama ni miguu nitakuacha, maana yangu ni michanga."

"Na nikikuacha mimi?"

"Asiyekubali kushindwa si mshindani. Utakubali kwamba ni baiskeli."

Alifikiri. Aliona kwamba akishinda maneno yake yameanguka, na akishindwa ameachwa na binti yake. Akacheka, akaomba helmeti.

Mwanzoni aliyumbayumba. Kila alipotaka kubadilisha gia mkono wake uliteremka kwenye fremu kutafuta vijiti ambavyo havipo. Nilimwonyesha kwamba siku hizi gia ziko pamoja na breki, unasukuma kwa kidole. Tulipofika Dagoretti Corner alikuwa amezoea, na mimi tayari nilikuwa nahema.

Tulishuka darajani. Alikipita kile kibanda cha mboga bila kugeuza shingo, akaingia mlimani.

Nilitia gia nyepesi kuliko zote za ile baiskeli ya chuma, na haikuwa nyepesi hata kidogo. Nilisimama juu ya pedali, mnyororo ukilia, magoti yakilia. Mwenye bodaboda mmoja alinipita akapaza sauti, "Madam, shuka tu, hakuna mtu anakuangalia!" Katikati ya kilima nilishuka.

Mbele yangu baba alikuwa anapanda polepole, kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani, lakini miguu yake ilizunguka upesiupesi na hakushuka. Nikiwa nimeshikilia kile chuma chake nilielewa kwamba alikipanda kilima hiki nacho kila jioni hadi alipovuka umri wa miaka sitini. Mimi sijafika arobaini na kimenishinda. Aliyoyasema juu ya miguu yalikuwa kweli, kwa miguu yake. Nilimwonea fahari.

Hakusimama getini. Alipita moja kwa moja, na mama akatoka nje.

"Anaenda wapi huyo?"

"Mwache," nilisema.

Alirudi baada ya muda, jasho likimtiririka, akaipangusa baiskeli yangu kwa leso yake kabla ya kunikabidhi. "Imejaribu," alisema. "Lakini kiti yake ni ngumu." Kwa baba hiyo ni hotuba nzima ya sifa. Hatukuzungumza juu ya kibanda. Jumapili ilipita na chai yake, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyebisha.

Jumatatu asubuhi nilikwenda stoo nikiwa nimevaa tayari kwa kazi. Ndani mlikuwa na baiskeli moja tu, ya buluu. Helmeti yangu pia haikuwepo. Mama alikuwa anafagia uani.

"Ametoka saa kumi na mbili," alisema. "Ati amekubali kushona sare za watoto wa shule, za muhula ujao."

Kisha aliuweka ufagio chini, akakaa kwenye ngazi na kujifuta uso kwa ncha ya leso yake.

"Muhula ujao," akarudia.