Fundi wa Simu Juu ya Nguzo

Fundi wa simu hakuamini kitu mpaka asikilize mwenyewe. Modemu ya zahanati ya Mazinde ilipodai hakuna mlio kwenye laini, alichomeka simu ya mezani ukutani, akafumba macho. Kimya.

"Modemu nzima. Waya ndio mgonjwa," akamwambia muuguzi Emiliana, aliyesubiri kutuma orodha ya dawa Korogwe.

Akajifunga khanga juu ya suruali, akapanda nguzo katikati ya mkonge. Vidole vyake vyenye makovu vikaanza kukwangua kutu kwenye kiungo cha waya.

Bosi wake akafika na gari. "Shuka, mama! Laini hii tunaifunga kabisa leo, haitumiki tena."

"Panda unishushe."

Bosi akaitazama nguzo, akabaki chini; juu, fundi akakaza waya. Mara Emiliana akapaza sauti kutoka dirisha la zahanati: "Imeenda! Orodha yote imeenda!"

Ndipo fundi akashuka, bila haraka. "Haya bosi, kamwambie yeye kwamba unaifunga."