Mahali Jina la Bulangeti Lilipotoka

Jirani ameanika mabulangeti yake ukutani, na harufu ya sufu yenye unyevu imenipandisha hasira tangu asubuhi.

Nilikuwa bado mtoto, na matanga ya baba yalikuwa yamekwisha. Mama alikuwa amemtangulia. Ndugu za baba wakaja kugawana vitu vya nyumba, kama ilivyo desturi. Redio ilikwenda, baiskeli ikaifuata. Kisha baba mdogo, aliyesoma chuo kikuu cha Kasapa, akashika bulangeti letu jekundu, akaanza kutufundisha.

"Munajua hii jina inatokea wapi? Ni Kingereza. Na Bangereza balitwaa kwa Bafransa: blanc, ni kusema nyeupe. Sasa muangalie, nyeupe yetu iko nyekundu!"

Mashangazi wakacheka na kupiga makofi. "Ee, huyu muntu alisoma!"

Huku akiwachekesha, alikuwa akilikunja. Ulikuwa msimu wa baridi, na sisi watoto wanne hatukuwa na jingine la kujifunika.

"Baba mudogo," nikamwambia, "unajua kwenye jina ilitokea. Unajua kwenye siye tutalala?"

"Funga kinywa! Mutoto hajibu bakubwa."

Kitinda mimba wetu alikuwa amesinzia juu ya pembe ya bulangeti. Baba mdogo akalivuta hivyo hivyo. Mtoto akaviringika kwenye saruji, naye baba mdogo akatoka na bulangeti begani, bado akiwaeleza watu habari za Waingereza na Wafaransa wa zamani.

Nilimwokota mdogo wangu, nikamfunika kwa sweta yangu ya shule. Sikuivaa tena; ikawa bulangeti lake.