Eda na Hesabu za Duka

Karatasi ya kodi ililetwa wiki ya pili baada ya kumzika mume wangu. Tulikuwa na duka Kashaulili, la chumvi, sukari, kaniki na mafuta ya taa, na wateja wetu wengi walikuwa watu wa mgodini na warina asali. Barua ilikuwa na jina lake. Ilimtaka mwenye duka apeleke bomani hesabu za mwaka mzima, aende mwenyewe, atie sahihi mbele ya Bwana Shauri, Mzungu mkubwa wa wilaya. Mwenye duka alikuwa kaburini, na mimi nilikuwa ndani, nimekaa eda.

Asiyeijua eda hudhani ni kupumzika. Hutoki, hujipambi, huonani na mwanamume asiye maharimu wako, na kila anayekuja kukupa pole unaanza upya kumweleza ugonjwa ulivyoanza. Nilichoka kuliko nilivyowahi kuchoka dukani siku ya mshahara wa mgodi. Kulala nilikuwa nalala, ila naamka nimechoka vilevile.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuja mazikoni kutoka Karema na hakurudi. Matanga hayajaisha, tayari amekaa nyuma ya meza ya duka. Simsingizii, hakuchukua hata kiberiti. Alikuwa na adabu mpaka ananikera. Aliposikia habari za ile karatasi alikuja kusimama nje ya pazia.

"Shemeji, nipe mimi nipeleke. Wewe pumzika."

Nilijua maana yake. Atakayetia sahihi bomani ndiye atakayeandikwa mwenye duka, na mimi na binti zangu tutakuwa watu wa kulishwa katika duka nililopima chumvi miaka yote ya ndoa yangu. Wapo kina mama walioniambia kwamba haja kama hiyo inaniruhusu kutoka mchana. Huenda. Lakini ningetoka, shemeji angepata la kusema mbele ya ukoo, na ukoo ungemsikiliza. Basi nikaamua kuomba muda.

Karani wa boma alikuwa mteja wetu, Mfipa aliyesoma misheni. Alipokuja kutoa pole alibaki barazani, nikasema naye nikiwa nyuma ya pazia. Eda hakuijua. Akaniuliza kwa upole kama ni ugonjwa. Nikamweleza. Akasema wazungu wanapenda sababu fupi, afadhali aandike kwamba naumwa, au kwamba mvua imekata barabara na mzigo haujafika. Hizo huwa zinakubaliwa.

"Siumwi," nikamwambia. "Andika mume wangu amekufa, na dini yangu inaniweka ndani miezi minne na siku kumi. Nikitoka nitakuja na hesabu mwenyewe."

"Mama, miezi minne ni mingi sana."

"Mimi ndiye ninayeikaa. Najua ni mingi."

Akaandika. Jibu likaja kwamba nimekubaliwa. Shemeji aliposikia, wiki ile ile akaanza kuulizia lori la kumrudisha Karema. Hesabu nilizifanya humo humo chumbani, mteja mmoja mmoja, nikikumbuka sauti ya marehemu akitaja bei.

Eda ilipoisha kina mama waliniogesha wakanivika nguo mpya. Wenzangu wakitoka eda huenda kuwasalimu ndugu. Mimi nilikwenda kuisalimu serikali. Sikuogopa. Nilitaka tu yaishe nikalale. Bwana Shauri alizipitia hesabu, akaitikia kwa kichwa, na karani akafungua faili la duka. Jina la mume wangu lilikuwa juu, kwa wino. Miezi yote ile niliyoomba, ndani ya faili lile alikuwa bado mzima, mwenye duka anayesubiriwa alete hesabu zake. Karani akaweka rula, akalikata jina kwa mstari mmoja, akaandika langu chini yake.

Duka likawa langu, na ndilo nililolipigania. Lakini nilipopewa kalamu nitie sahihi, mkono ulikataa. Msibani nilikuwa nimelia pamoja na watu. Pale nililia peke yangu, mbele ya Mzungu, wala sikuona haya. Karani akainama akaniuliza kama kuna kitu kimekosewa.

"Hakuna," nikasema. "Nilitaka kuomba muda mwingine kidogo."