Kibao cha Shingoni

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo siwezi tena kulifundisha: impose, yaani kumtwisha mtu jambo. Siku hizi nafundisha tuisheni sebuleni kwangu, Kihesa, na tukilifikia kitabuni nafungua ukurasa unaofuata.

Zamani nilikuwa mwalimu wa Kiingereza kwenye shule moja ya bweni kule Iyunga. Ukishaingia getini ilikuwa Kiingereza tu. Aliyeteleza alivaa kibao cha mbao shingoni mpaka amnase mwenzake, na aliyekivaa mara tatu alifukuzwa. Sheria hiyo niliitunga mimi, na niliifurahia.

Binti mmoja wa kidato cha nne, kutoka familia ya wafugaji wa Kisukuma waliohamia Usangu, alikuwa ameshakivaa mara mbili. Jumatano moja baba yake akaja, miguu imejaa vumbi, akaomba aongee na mwanawe.

"Hapa ni Kiingereza tu, mzee," nikamwambia, kwa Kiswahili, maana sheria haikunihusu mimi.

Mzee akacheka kidogo akidhani namtania, kisha akamsemesha binti kwa Kisukuma, maneno machache, kwa sauti ya chini. Binti akaniangalia. Kibao nilikuwa nacho mkononi, na sikukiweka chini. Mzee akauliza tena, na tena. Binti akainamisha kichwa, hakujibu neno.

"Haya, Madam," baba yake akasema, "nimeona mwenyewe, hataki." Akavaa kofia yake, akaondoka.

Sikuuliza hataki nini. Kusema kweli nilijiona mshindi, na chai ya saa nne niliinywa kwa raha.

Jumatatu tukapigiwa simu kwamba mama wa binti amezikwa. Alikuwa amemtuma mumewe amfuate mtoto, waonane mara ya mwisho.

Binti aliporudi kutoka matangani tulikuwa tumefika kwenye hilo neno. Niliwaeleza wanafunzi kwamba lazima kuwe na mzigo, na lazima kuwe na mtu wa kutwishwa. Nikataka kila mmoja atunge sentensi. Wengi waliandika kodi, faini, adhabu. Yeye aliandika, kwa mwandiko wake mzuri, juu ya mwalimu aliyemtwisha ukimya, na baba yake akaubeba ukimya huo mpaka kwa mama.

Nilitafuta kosa, sikuliona. Nikamwekea vema.