Mfinyanzi Aliyefundishwa na Watoto

Odette Weill alikuwa mfinyanzi hodari jijini Strasbourg, lakini alitimiza miaka arobaini na sita bila kujua hata sala moja ya Kiyahudi. Wazazi wake waliponea chupuchupu wakati wa vita, Wayahudi walipokuwa wakiuawa, na tangu hapo dini haikutajwa tena nyumbani mwao.

Kwa hiyo Rabi Lehmann alipofika karakanani kumwomba awafundishe watoto wa sinagogi ufinyanzi kila Jumapili asubuhi, alitikisa kichwa.

"Rabi, umekosea mlango. Alama zenu mimi sizijui."

"Zetu," Rabi akamsahihisha taratibu. "Wewe wape udongo. Mengine yatakuja."

Odette akakubali. Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya kuwasha taa, ilikuwa karibu. Akawafinyangia watoto kinara cha mfano chenye matawi saba, kama alichowahi kukiona kimechongwa kwenye kaburi la babu yake. Noémie, msichana wa miaka saba, akakitazama, akakunja uso.

"Bi Odette, hicho siyo cha Hanuka. Hicho ni cha Hekaluni. Cha Hanuka kina mishumaa tisa: minane ya siku nane, na mmoja mtumishi wa kuwashia wenzake. Kwani kwenu hamkuwa mnawasha?"

Mwingine angemkaripia mtoto. Odette alivuta kigoda, akaketi.

"Kwetu hatukuwasha. Haya, nifundishe wewe. Mimi nitakuonyesha jinsi ya kushikiza hayo matawi yasidondoke."

Wiki hiyo akajifinyangia chake. Jioni ya kwanza ya Hanuka alikiweka dirishani, akawasha mshumaa mtumishi, akabaki amesimama, hajui sala inayofuata. Mama yake, mzee Hermine, aliyekuwa akiishi naye, aliweka kijiko chini. Akaanza kuimba baraka kwa sauti ya chini, neno kwa neno, macho yake yakiwa kwenye mwali wa mshumaa.

"Kumbe unajua, Mama?"

"Mambo mengine hayasahauliki, mwanangu. Mtu huyanyamazia tu."

Toka hapo darasa lake likawa na desturi yake. Kabla ya kugusa udongo, mtoto mmoja alieleza maana ya kitu watakachotengeneza. Asipojua, alitumwa kwa nyanya yake. Nyanya wenyewe wakaanza kuja, wakikaa nyuma na kubishana.

Mwaka wa nne tanuri lilizidi moto, makomamanga yote ya udongo waliyofinyanga kwa Mwaka Mpya wa Kiyahudi yakapasuka. Watoto wakalia. Odette akawagawia nyundo ndogo wayavunje zaidi, akakoroga saruji, wakavipachika vile vipande kwenye ukuta wa ukumbi wa sinagogi: komamanga moja kubwa lililopasuliwa, mbegu zake nje.

"Mbegu ziwe mia sita na kumi na tatu, kama amri za Torati," alisema Élie, mvulana mbishi kuliko wote.

"Basi hesabu mwenyewe, na usinidanganye."

Walipomaliza, ilionekana Élie amezidisha moja. Akataka kuibandua. Odette akamshika mkono.

"Iache. Hiyo ni yangu mimi niliyechelewa kuingia."

Sasa Odette ana miaka sabini na minane, vidole vimekakamaa. Jumapili bado anapanda tramu kwenda sinagogi, anaketi kati ya watoto, udongo mapajani, akingoja aelezwe maana.